Kutengeneza masizi ya wino nyumbani kwa ujanja wa viwanda vya kaboni bleki

Washa koroboi, vuta utambi juu kidogo mpaka ncha ya moto ianze kutoa moshi, alafu pitisha sahani ya bati juu yake kwa sekunde tano hivi. Ule weusi uliobaki kwenye sahani, ambao mama zetu walikuwa wanausugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka mikono inauma, ni wa ukoo mmoja na kitu kinachofanya tairi ya gari iwe nyeusi, na wino wa gazeti, na ganda la waya wa umeme. Viwandani kinaitwa kaboni bleki, kinatengenezwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka na sehemu kubwa inaishia kwenye matairi. Sisi tunataka cha kutosha chupa moja tu ya wino, ila wino mweusi kweli kweli, usiopauka hata ukibandika kazi yako mahali jua linapiga kutwa nzima.

Mimi naandika hati, za Kiarabu na za Kilatini, kadi za harusi na kadhalika, na nilianza kupika masizi yangu baada ya wino niliokuwa nanunua kugeuka kahawia kwenye kazi ya mtu ndani ya mwaka mmoja. Kaboni haifanyi hivo. Nilipoanza nilikuwa naharibu tu, sasa kilichonisaidia kutoka hapo ni kusoma jinsi viwanda vilivyohangaika na masizi kwa zaidi ya miaka mia, maana kila tatizo utakalolipata wewe na koroboi yako wao walishalipata wakiwa na tanuru, na walivyolitatua unaweza kuiga kwa kopo na sufuria.

Kitu cha kwanza kuelewa ni hiki. Ile rangi ya njano ya moto wa koroboi ni masizi yenyewe, yamepata moto mpaka yanang'aa. Mafuta yanapanda kwenye utambi yanakuwa gesi, gesi inavunjika kwa joto, kaboni inajikusanya kuwa vichembe vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja, alafu vikifika pembeni kwenye hewa ya kutosha vinaungua vinapotea. Kwahiyo moto hauhitaji kufundishwa kutengeneza masizi, tayari unayatengeneza kila sekunde. Kazi yako ni kuyaiba kabla hayajaungua, ukiwahi sana unapata uchafu wa mafuta mafuta, ukichelewa hupati kitu.

Tuanze na taa. Mafuta ya taa yanatoa masizi mengi na haraka ila yananuka na yanaacha ulaini wa mafuta ambao ni kazi kuuondoa, na pia kuna watu wanachanganya petroli kwenye mafuta ya taa, hiyo koroboi inaweza kulipuka mkononi, kwahiyo kama huna uhakika na unaponunua achana nayo kabisa. Mimi natumia mafuta ya alizeti au ya nazi kwenye kibakuli kifupi cha udongo. Mafuta ya kula ni mazito hayapandi utambi kama mafuta ya taa, hivo utambi usiusimamishe, ulaze kwenye mdomo wa kibakuli utokeze nje sentimita moja tu. Utambi wenyewe uwe mnene, pamba iliyosokotwa unene wa kidole kidogo cha mtoto. Utambi mwembamba unakupa moto msafi mzuri wa kusomea, mnene unapeleka mafuta mengi kuliko hewa inayoweza kuyaunguza, na hicho ndicho tunachokitaka. Ukiongeza kipande cha karafuu maiti kwenye mafuta moshi unakuwa mweusi zaidi, ila angalia sana isiwe vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, vile ni sumu usivichome.

Na tafadhali usichome tairi wala plastiki ukidhani unapata kitu kile kile kwa sababu tairi ina kaboni ndani. Tairi ina salfa, ina zinki, ina vitu chungu nzima, moshi wake unaumiza watu mtaa mzima. Hata viwanda vinavyopika tairi kuukuu bila hewa ili kutoa kaboni yake vinahangaika, maana unga unaopatikana unabeba majivu mengi ya silika na zinki kutoka kwenye tairi lenyewe.

Sasa mahali pa kunasia. Watu wengi wanaweka sahani mbali juu, wanasubiri moshi upande. Hapo ushachelewa, nusu imeungua na nusu imepeperuka. Marekani mwaka 1892 L. J. McNutt alisajili uvumbuzi ulioitwa njia ya cheneli, ambapo vijimoto vidogo vingi vya gesi asilia vinawaka chini ya vyuma virefu, ulimi wa moto unagusa chuma, chuma kinasogea taratibu kwenda na kurudi na kuna vikwangulio vinayakwangua masizi yanadondoka chini. Zingatia hapo pa ulimi kugusa chuma. Kwahiyo weka chombo chako kiasi kwamba ncha ya njano inakiparaza, robo ya juu ya moto inatandaza mabawa pembeni. Ukishusha zaidi moto unasongwa, unapata kitu cha kahawia kinachonata kama lami, ukinusa unasikia mafuta. Mimi nimeweka matofali mawili huku na huku na ninapunguza au kuongeza vipande vya bati chini ya kibakuli mpaka nipate umbali, kwa taa yangu ni kama vidole viwili kutoka kwenye utambi.

Chombo chenyewe kiwe sufuria nene chini, na ndani yake weka maji. Hii nayo sikuitunga mimi. Ujerumani hawakuwa na gesi asilia ya kuchezea kama Wamarekani, mwaka 1935 kampuni ya Degussa ikaanza njia ya kuvukiza mafuta, mvuke ukawashwa kwenye safu ya vijimoto vinavyopiga rola kubwa linalozunguka huku maji ya kupooza yanapita ndani ya rola. Masizi yakigusa mahali penye ubaridi yanaacha kuungua papo hapo. Ila hapa kuna kitu kilinisumbua wiki nzima: nilijaza maji ya baridi ya mtungini, nikawasha, dakika mbili sufuria likaanza kutoa jasho kwa chini, maana moto wowote unatoa mvuke wa maji na ule mvuke unaganda kwenye chuma baridi, masizi yote yakawa tope lenye michirizi. Tumia maji ya uvuguvugu, kiasi cha kuogea mtoto. Yakianza kuchemka punguza uongeze mengine.

Kila baada ya dakika kumi hivi sogeza sufuria ili moto upige pengine, na kila nusu saa ondoa, acha lipoe kidogo, kwangua kwa unyoya wa kuku kwenye karatasi kubwa. Unyoya, sio kisu. Kisu kinakwangua na kutu na ile ngozi ngumu iliyoungana na chuma, hiyo ikiingia kwenye wino utaisikia inakwaruza kwenye kalamu. Fanya yote haya nje, mahali hakuna upepo, mimi nimekata debe upande mmoja nalisimamisha kama ukuta. Na usitegemee wingi, saa nzima ya taa moja mimi napata kama kijiko cha chai kilichojaa, tena cha masizi mepesi ambayo ukiyabonyeza yanabaki robo. Usikate tamaa kwa hilo, ile njia ya cheneli nayo ilikuwa ya hasara hivo hivo, kwenye kaboni iliyokuwa ndani ya gesi walikuwa wanapata asilimia 5 au pungufu, iliyobaki yote ilipaa na moshi.

Waliojitoa kwenye hasara hiyo walifanya kitu ambacho nyumbani huwezi, lakini nakieleza kwa sababu kinaonyesha jambo lile lile la kuiba kwa wakati. Mwaka 1943 kule Borger, Texas, kampuni ya Phillips Petroleum iliwasha tanuru la mafuta kwa njia ya mhandisi wao Joseph Krejci. Badala ya kusubiri masizi yagonge chuma, wanapuliza mafuta mazito ndani ya bomba la tanuru ambalo hewa ya moto inazunguka kwa kasi, joto linapita digrii 1400, mafuta yanavunjika kuwa kaboni kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hapo hapo mbele kidogo kuna vinyunyizio vya maji vinavyozima kila kitu. Ukisogeza vile vinyunyizio karibu au mbali unabadilisha bidhaa. Njia hiyo ilitoa nusu ya kaboni ya mafuta na wakati mwingine zaidi, na kufika 1976 kiwanda cha mwisho cha cheneli Marekani kilikuwa kimefungwa.

Ukishakusanya, masizi yako bado yana mafuta. Jaribu hivi: chukua kiasi cha punje ya harage, tia kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya hospitali isiyo na rangi, tikisa, acha yatulie au chuja kwa karatasi nene. Kama spiriti imegeuka njano au kahawia basi mafuta yamo. Viwandani wanafanya kipimo cha aina hiyo hiyo kwa kutumia toluini, kemikali kali ya kuyeyushia mafuta, na wewe usitafute toluini, spiriti inatosha. Mafuta yakibaki wino wako utakuwa na duara la njano pembeni ya kila herufi kwenye karatasi baada ya miezi, hasa kwenye karatasi nyepesi.

Kuyaondoa, shindilia masizi kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, shindilia kweli kweli kwa kijiko mpaka hewa itoke, toboa mfuniko tundu moja dogo la msumari, weka kwenye jiko la mkaa uliokolea. Baada ya muda utaona moshi mwembamba unatoka kwenye tundu, wakati mwingine unawaka kabisa kama kijimshumaa. Huo ndio uchafu unatoka. Moshi ukikata, ipua, ziba tundu kwa udongo uliolowana, na uliache kopo usiku kucha. Nasema usiku kucha nikimaanisha. Mara ya kwanza nilisubiri nusu saa, kopo likawa linashikika kwa kitambaa nikadhani limepoa, nikafungua. Juu palikuwa peusi pametulia, alafu pembeni kikaanza kidoa chekundu, hakina mwali wala moshi, kinatambaa tu taratibu kama sigara inavyojila yenyewe kwenye kisosi, na kila kilipopita kiliacha majivu ya kijivu. Nikapuliza nikidhani nazima, kumbe nachochea. Masizi ya jioni nne yalikwisha nayaangalia. Katikati ya kopo masizi yanashika joto kuliko unavyodhani kwa sababu ni unga mwepesi haupitishi joto, nje pamepoa ndani bado.

Sasa vumbi. Haya masizi yakikauka vizuri yanaruka kwa pumzi yako tu, yanaingia kwenye kucha, kwenye pazia, kila mahali. Viwanda navyo vilikuwa hivo, Borger na miji mingine ya Texas ilikuwa inafunikwa na weusi, na ili unga usiruke walibuni kuyafanya kuwa punje. Kuna njia ya kavu, unga unaviringishwa tu kwenye pipa linalozunguka mpaka unajishika wenyewe, na kuna njia ya maji ambapo unga unachanganywa na maji karibu uzito kwa uzito, unavurugwa na kitu chenye vijiti vinavyozunguka, unatoka ukiwa punje kama mtama, unakaushwa. Ile ya maji inafanyika nyumbani bila shida. Nyunyizia masizi spiriti matone machache kwanza, maana ukimwaga maji tu yataelea juu hayatakubali kulowa hata ukoroge mpaka kesho, yakishalowa na spiriti ndio uongeze maji yenye gundi kidogo, pitisha kwenye chujio la chai, alafu viringisha kwenye ungo kama unavyopepeta mchele ila kwa kuzungusha. Yatakuwa vipunje. Anika kivulini. Hivyo unaweza kuweka kwenye chupa hata mwaka, na ukifungua halipandi vumbi puani.

Pua hiyo ndio nataka niseme bila kuzunguka. Vaa barakoa muda wote unapokwangua na unaposhindilia, na nawa kwa sabuni. Daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, mwaka 1775 alishaona saratani kwa wale wanaosafisha mabomba ya moshi, na leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kaboni bleki kundi la 2B, yani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Masizi ya koroboi yanachafuka kwa mafuta kuliko ya kiwandani kwahiyo usijifariji kwamba ni ya asili. Watoto wasiwe karibu. Na usiyatumie kama wanja, wala kuchora mwilini, hata kama bibi alikuwa anafanya, jicho ni moja.

Kusaga ndiko wino unakopatikana, na ndiko wengi wanakofanya haraka. Chembe za masizi hazikai moja moja, zimeungana tangu ndani ya moto kama kichala cha zabibu, na vichala vimejikumbatia kuwa madonge. Kichala huwezi kukivunja, madonge ndiyo unayoyavunja. Weka punje zako kwenye kipande cha kioo kinene, tia gundi ya mgunga, ile gamu arabiki, niliyoiloweka sehemu moja gundi kwa sehemu mbili maji usiku mzima na kuchuja, alafu saga kwa chupa iliyo bapa chini kwa kuchora namba nane, nenda rudi, kusanya katikati kwa kadi ya plastiki, rudia. Mwanzo utasikia mchakacho kama mchanga mwembamba. Baada ya robo saa mchakacho unapungua. Baada ya dakika arobaini hivi kioo kinakuwa kimya na uji unang'aa kama molasi, hapo umefika. Mimi natumia vijiko viwili vya gundi iliyoloweka kwa kijiko kimoja cha masizi yaliyoshindiliwa, naongeza maji kidogo kidogo mwishoni mpaka kalamu ikubali. Ukikauka ukapaka kidole kikatoka cheusi, gundi ni ndogo. Ukipasuka na kung'aa kama varnishi, gundi imezidi.

Kupima kama masizi yako ni laini, chukua tone la wino changanya na rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kijiko kizima, paka kwenye karatasi. Ukipata kijivu kinachoelekea ubuluu chembe zako ni kubwa, kikielekea ukahawia ni ndogo, ilimradi umeshatoa mafuta vizuri maana mafuta nayo yanaleta ukahawia. Masizi ya taa kwa kawaida yanakuja na ubuluu, na mimi ndio ninaoupenda kwenye hati, weusi wake umetulia. Hata kiwandani wanapima hivi, wanachanganya kaboni na unga mweupe wa zinki oksaidi wanaangalia imepoteza mng'ao kiasi gani.

Kama uko karibu na watu wa viwanda vya mpira wa matairi na ukabahatika kupata kaboni yao, soma namba kwenye mfuko. N330, N550, N660, ile tarakimu ya kwanza ndio ya kuangalia, ndogo maana yake chembe ndogo na weusi mkali, kubwa maana yake chembe kubwa, N990 ndio kubwa kuliko zote. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kuimarisha mpira, kazi iliyoanza 1904 pale Silvertown, London, S. C. Mote alipogundua kwamba kaboni inaupa mpira nguvu, kabla ya hapo matairi yalikuwa meupe meupe kwa zinki oksaidi na yalikuwa yanalika upesi mno. Kwa wino zinafaa, ila utasaga mara mbili ya muda, kwa sababu chembe zikiwa ndogo zinashikana zaidi.

Ukishapata wino wako tia kwenye chupa ya kioo pamoja na punje mbili tatu za karafuu zilizopondwa, bila karafuu gundi inaota ukungu ndani ya wiki moja hasa msimu wa mvua. Acha siku tatu kabla ya kuandikia. Kila ukitaka kutumia tikisa taratibu maana kaboni inashuka chini, na kalamu uioshe hapo hapo ukimaliza, usiiache hata ukanywe chai, gundi ikikaukia kwenye ncha itabidi uloweke upya na kama ni kalamu ya mwanzi ncha inavimba inabidi kuichonga tena.